Nyuzi Nane za Lulanga

Jumamosi ya kumi na saba tangu aagize kazi yake, Hélène alifunga saluni mapema, akashika njia ya mtaa wa Bertrams kwa miguu, visigino vinawaka moto. Hebu niambie, mtu aliyesimama tangu asubuhi akisuka vichwa vya watu anakwenda kutafuta nini kwa fundi ambaye jibu lake analijua kabla hajalitoa? Bado kidogo, mama. Basi. Mafundi wote duniani walinyonya ziwa moja, na kila mmoja aliachishwa akiwa ameshajifunza kusema bado kidogo.

Alichokuwa akingoja ni lulanga, kinanda cha kabila la Bashi wa huko Kivu, Kongo: ubao mnene uliochimbwa ukawa kama hori la mbuzi, juu yake nyuzi nane, na mpigaji anaupakata huku akiimba. Hakuwa akijingojea mwenyewe. Ilikuwa ya baba yake, Mzee Namegabe, ambaye enzi zake hapakuwa na arusi kwao Walungu bila yeye. Vita vilipokaribia Hélène alimtoa kule akamleta Johannesburg, na lulanga yake ya zamani ikabaki nyuma ikawa kuni za askari. Sasa ni mwaka mzima mzee anakaa ghorofa ya nne, lifti imekufa, anatazama paa la uwanja wa Ellis Park. Na wajukuu haongei, maana akiwasalimu wanamjibu Kizulu.

Na begi lake liko mlangoni, limefungwa. Thierry, mpwa wa mzee, anarudi Bukavu Jumatano, na mzee ameshasema watafuatana. Anarudia nini? Nyumba imechomwa, risasi bado zinalia. Anarudia kaburi la mke wake, anasema, nani analipalilia? Hélène amebishana naye mpaka ulimi umekauka. Amelia, amenuna, ameleta mchungaji. Wapi! Ndipo akajipa akili kwamba mzee akipata lulanga atatulia, atakuwa na sababu ya kuamka, na begi litarudi juu ya kabati. Akaenda kwa Gustave, Mushi mwenzao, yaani mtu wa Bashi hao hao, fundi wa makabati ya jikoni ya watu wa Randburg, akamwagiza. Ya nani, hakumwambia. Alitaka kumshtukiza baba, na kanisani kwao siri hailali.

Basi Jumamosi hiyo Gustave alipofungua mdomo kusema bado nyuzi, mama, Hélène alikaa chini juu ya rundo la mbao akashindwa hata kugomba. Alimwambia tu kwamba amechoka. Amechoka na njia hii, amechoka na ngazi, amechoka kuliangalia lile begi kila akiingia. Kama nyuzi zimemshinda aseme, atamtafuta mwingine.

Gustave akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. Akaenda pembeni, akafunua gunia. Lulanga ilikuwa pale, ya mti wa jakaranda, imepigwa msasa mpaka inateleza. Ilikuwa tayari tangu mwezi uliopita.

"Uzi ni mmoja, mama," akasema. "Unakwenda na kurudi mara nane, na unakazwa kwa sauti ya mwenyewe. Mimi nitaukaza kwa sauti ya nani? Kila wiki nakungoja ulete mwenye kitu, unakuja peke yako."

Hélène akauliza mbona hakusema. Gustave akajibu kwamba alidhani anajua, yeye si binti wa Bashi? Eish. Hélène aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Amekulia miguuni pa mpiga lulanga, na hata siku moja hakuinua macho kutazama inavyofungwa. Wiki nne hizo, yeye anamngoja fundi, fundi anamngoja yeye, na Jumatano haingoji mtu.

Kesho yake baada ya ibada akamshusha mzee ngazi zile zote, wakipumzika kila ghorofa, akampeleka kwa Gustave. Mzee akafunuliwa lulanga. Aliipapasa kwa kiganja, akainusa, akaigonga kwa kidole akasikiliza. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Hélène moyo ukamtulia, akajiambia begi limeshafunguka lile.

Mzee akapakata, akapitisha uzi taratibu, kwenda na kurudi, mara nane. Gustave akamwomba aimbe ili akaze. Mzee akatikisa kichwa, akamgeukia binti yake.

"Imba wewe."

"Papa, ni yako. Nimeitengenezesha ubaki."

"Najua, mwanangu. Najua sana. Lakini Jumatano niko njiani, na hii lazima ibaki na mwenye sauti hapa. Imba."

Hélène alitaka kupiga kelele. Miezi minne! Alitaka kuibeba ile lulanga akaipasue barabarani. Lakini nguvu za kugomba alizimalizia nyumbani kitambo, na baba yake alikuwa ameshashika uzi, anangoja. Akaimba wimbo wa mama yake wa kumenya ndizi, ule pekee aliokuwa nao. Uzi wa kwanza ukakazwa. Wa pili. Wa tatu. Mzee alikuwa anatabasamu. Walipofika wa saba Hélène akaona kwamba umebaki mmoja tu, kisha kazi imekwisha, kisha ni nyumbani, kisha ni Jumatano.

Akaipindisha sauti.

Mzee akafuata, akasikia haikai, akalegeza. Na kwa kuwa uzi ni mmoja, ukilegea mahali pamoja umelegea kote, ikabidi aanze upya tangu wa kwanza. Gustave akajifanya anatafuta msasa. Wakafika wa saba tena, akakosea tena.

"Umechoka, mwanangu," mzee akamwambia polepole.

"Sijachoka, Papa," akasema Hélène. "Tuanze tena."

Mzee akaulegeza uzi mwenyewe, wote, akarudi mwanzo.