Kisanduku Cheupe

Mukabera alikishika kisanduku kama mtu anayeishuku noti: akakigeuza, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, akakikwaruza kwa ukucha. Kilikuwa cheupe, chenye maandishi meusi tu, hakina hata picha ya goti.

"We mutoto, yangu ni ile ya rangi nyekundu," alisema. "Ya elfu ine."

"Ni dawa ileile, Mama," alijibu Mwiza, binti aliyeajiriwa mwezi huo katika duka la dawa la Sebahire, mtaani Mbugangari. Alisema taratibu, kwa Kiswahili alichokulia nacho Tanzania, akaviweka visanduku viwili bega kwa bega juu ya kaunta. "Soma hapa: ibuprofeni, miligramu mia nne. Na hapa: ibuprofeni, miligramu mia nne. Kinachozidi ni jina na rangi. Hiki bei yake ni faranga mia nane."

"Na we unapata nini nikilipa kidogo?"

"Sipati kitu."

Jibu hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Muuzaji asiyepata kitu! Kwa miaka kumi na mmoja Mukabera alikuwa amevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza Goma, beseni la nyanya kichwani, na alijua nyanya nono hukaa juu, zilizobonyea hukaa chini. Hakuwahi kuona bei ikishuka pasipo kitu kuoza mahali. Lakini goti lilikuwa limevimba tangu Jumatatu, wiki ile alikuwa amevuka mara moja tu, na wateja wa Goma hawamngoji mtu. Elfu nne hakuwa nazo. Alinunua cheupe, shingo upande.

Nyumbani alikula kwanza, kama alivyoagizwa, kisha akameza kidonge kimoja na kukaa kitandani akikingoja kimdhuru. Akajipima joto kwa kiganja. Akalisikiliza tumbo. Baada ya saa moja alilikunja goti, akalinyoosha. Maumivu yalikuwa yamerudi nyuma, vilevile kama yalivyorudi siku zote kwa kile chekundu.

Akacheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. Kwani aliyemuuzia chekundu miaka sita ni nani? Si Sebahire, waliyetoka naye kwao Masisi katika lori moja? Si Sebahire aliyebeba jeneza la mumewe? Mtu aliyesomea dawa, asijue? Shaka ilimhama Mwiza, ikabisha hodi kwa rafiki.

Vidonge vilipokwisha alirudi dukani. Sebahire mwenyewe alikuwa kwenye kaunta, Mwiza akipangusa rafu kando yake.

"Bon, dada Mukabera! Goti inasema nini? Nikupatie ile yako?"

Kitambaa cha Mwiza kilisimama. Mukabera aliiona shingo ya binti ikikakamaa, akaelewa kwamba mwenye duka hakuambiwa nani aliyemwonyesha cheupe, na kwamba neno moja lingemkosesha mtoto wa watu kazi.

"Hapana. Unipe ile ya mia nane. Wamama wa Goma wananiambia iko dawa moja."

"Wamama wa Goma! Tangu lini wale wako madaktari?"

"Tangu magoti yao inapona."

Sebahire alicheka kicheko kifupi, macho yakimpitia Mwiza na kurudi. Mukabera alimtazama bila kupepesa. Alitamani Sebahire aulize ni ipi hiyo. Alitamani asite, avisome visanduku kimoja kimoja, kama mtu anayejifunza jambo jipya pamoja naye.

Sebahire hakugeuka hata kuangalia. Mkono wake ulikwenda nyuma, rafu ya chini, ukarudi na kisanduku cheupe.