Kisanduku Kinachopokea Tu

Doña Nereyda alisimama katikati ya barabara, mikono imejaa sukari hadi viwikoni, na pikipiki zikampita kulia na kushoto kama maji yanavyolipita jiwe. Waendeshaji walimpigia honi. Mmoja akamuuliza kama amechoka kuishi. Hakugeuka. Macho yake yalikuwa yamekazwa kwenye spika iliyoangikwa juu ya mlango wa La Confianza, duka la samani na majokofu, na kinywa chake kilikuwa wazi kidogo, kama cha mtu anayeitwa kwa mbali na hana hakika kama jina ni lake.

Fiordaliza, msimamizi wa duka, alimwona kupitia kioo akatoka mbio kumshika mkono. Wimbo ulikuwa umefika ukingoni. Gita likalia mara ya mwisho, kisha ukaingia mwingine wa tarumbeta na kelele.

"Huyo alikuwa Milcíades," mama yule akasema. "Mwanangu, mume wangu anaimba humo dukani mwenu."

Mji mzima wa Miches, pale pwani, ulijua habari za Milcíades. Miaka mingi nyuma, yeye na shemeji yake Eligio, ndugu wa kuzaliwa wa Nereyda, walipanda mashua ya wale wanaovuka kwenda Puerto Rico bila karatasi. Mashua ikapinduka kwenye mlango wa bahari wa Mona, katikati ya safari. Bahari ilimrudisha Eligio, akazikwa. Milcíades haikumrudisha. Doña Nereyda akawakalia matanga wote wawili siku zote tisa, akavaa nyeusi, na tangu hapo kila mwaka aliwafanyia maombi ya kumbukumbu: wali, kahawa, chai ya tangawizi, na wanawake wa kusalisha rozari. Maombi ya mwaka huu yalikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Hata sukari ile mikononi ilikuwa ya kashata za nazi za wageni.

Fiordaliza alimketisha kwenye kochi la maonyesho, likiwa bado na plastiki yake, akamuuliza kama marehemu aliwahi kurekodi.

"Nyimbo zake zote nazijua. Alizitungia jikoni kwangu, nikikoroga sufuria," Nereyda akajibu. "Huu siujui. Na maneno sikuyapata kwa makelele ya pikipiki, nimepata sauti tu. Urudishe nisikie."

Hapo ndipo Fiordaliza aliposhikwa na kigugumizi, kwa sababu kitu pekee ambacho kisanduku cha muziki cha duka hakikujua kufanya ni kurudisha.

Kilikuwa kimekuja kwa basi kutoka mji mkuu miezi michache nyuma, kimefungwa kwenye sponji utadhani yai. Kabla yake duka lilikuwa na redio, na redio ilikuwa na vita. Persio, muuzaji wa magodoro, alitaka muziki wa bachata toka asubuhi hadi jioni. Mtunza stoo, mlokole asiye na mzaha, alitaka mahubiri. Mteja akiingia hajui kama amealikwa kucheza au kutubu. Don Radhamés, mwenye maduka, alichoka na malalamiko, akanunua kisanduku kwa kila duka lake ili muziki wote utoke mahali pamoja, na akatangaza kwamba atakayekichezea atafute kazi nyingine. Kisha akauliza nani atakifunga. Fiordaliza alikuwa ameshakifungua.

Ndivyo alivyoumbwa. Utotoni wenzake walimwita Kwa Nini, na bibi yake alimchapa kwa kuifumua saa ya ukutani ili amwone anayetembea humo ndani. Basi kisanduku alikichomeka kwenye umeme, akakiunganisha kwa waya na mtandao wa duka, akavuta waya mwingine hadi kwenye amplifaya inayogawa sauti kwa spika za darini na ile ya mlangoni. Taa ikawaka nyekundu, ikageuka manjano. Akaingiza kwenye simu yake namba zilizobandikwa tumboni mwa kisanduku, akachagua mkondo wa nyimbo za zamani, akapanga saa ya kuamka na saa ya kulala, akapunguza sauti ya ndani, akaiongeza kidogo ile ya mlangoni. Taa ikawa kijani, na duka zima likajaa gita. Persio alimtania kwamba hajawahi kuona mwanamke aliyekomaa akiuchekea waya. Acha acheke! Fiordaliza alifurahi siku ile kwa furaha ya kweli, na tangu hapo, kila wimbo ulipoingia, alijiuliza ni nani huko aliyeuchagua, na alikuwa akifikiria nini.

Sasa alimwomba Nereyda akatazame kwanza sufuria zake nyumbani, ng'ambo ya barabara, naye akampigia simu Elvin, fundi wa kampuni ya muziki kule mji mkuu, Santo Domingo. Elvin alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alieleza kwamba mkondo unatiririka kwa maduka yote kwa pamoja na haumsubiri mtu wala hausikilizi ombi la mtu.

"Hicho kinapokea tu, dada. Hakiombi, hakijibu."

Fiordaliza akamuuliza basi mwimbaji ni nani. Elvin akatafuta huku akipiga miayo, akasema wimbo hauna jina, mwimbaji hana jina, mwaka haupo. Ulikuja na rundo la kanda kuukuu zilizonunuliwa kwa redio moja ya Mayagüez iliyofunga milango, na nusu ya rundo hilo hakuna anayejua ni akina nani.

Fiordaliza alishukuru, akakata simu, akabaki ameishika. Mayagüez. Ndiko, kule Puerto Rico, zinakolenga mashua zote za Miches. Alijiambia kanda husafiri, huuzwa, huazimwa na kusahauliwa. Mtu anaweza kurekodi huku na sauti yake ikazeekea kule. Lakini Nereyda alisema wimbo huu haujui. Fiordaliza alitazama ng'ambo ya barabara, akamwona mama yule ameinamia sufuria, anakoroga kwa mkono ule ule usiobadili mwendo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na habari na hakuwa na hamu ya kuisema.

Alimdokezea Persio, naye mara hii hakutania.

"Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Mwache mama wa watu na marehemu wake. Keshamzoea."

Na hapo Persio alikuwa na hoja, tuseme ukweli. Mume aliyekufa majini ana mahali pake: ana picha ukutani, ana mshumaa, ana siku yake ya mwaka. Mume aliyefika salama akanyamaza miaka yote hiyo atawekwa wapi? Nereyda alikuwa amezeeka akiwa mjane, na watu walimheshimu kwa hilo. Wimbo mmoja ungetosha kumgeuza mke aliyeachwa, siku mbili kabla ya maombi, mchele umeshachambuliwa na wageni wameshaalikwa. Ilitosha Fiordaliza kusema kwamba wimbo umekwenda na haurudi. Wala usingekuwa uongo mkubwa.

Lakini mkono una mambo yake. Ulishafungua droo, ukatoa kijikaratasi cha maelezo kilichokuja na kisanduku, na jicho likatua pale alipopasoma siku ya kwanza na kupapita. Kilisema kwamba chombo huhifadhi ndani yake nyimbo za siku nzima. Mtandao ukikatika, huzipiga tena kuanzia ule wa asubuhi, ili duka lisikae kimya. Mtandao ukirejea, hufuta yote na kujaza upya. Alikisoma mara ya pili akiwa amesimama. Milcíades alikuwa bado yumo humo ndani. Angekuwemo mpaka jioni.

Ingekuwa siku nyingine angeung'oa waya pale pale, asikilize, ajue, kisha aamue nani aambiwe nini. Alikuwa ameshaushika. Akauachia, akavuka barabara.

Alimweleza Doña Nereyda yote: redio ya Mayagüez, kanda zisizo na majina, nyimbo zilizohifadhiwa. Hakumfichia kitu. Kisha akauliza swali moja tu, yeye mwenye maswali elfu, nalo lilimtoka kwa sauti ndogo.

"Doña, unataka kujua?"

Nereyda hakuacha kukoroga. "Kashata ukiiacha inaungua," alisema. Akaimimina kwenye sinia, akaisawazisha kwa kisu, akaikata vipande vilivyolingana. "Nikimaliza kunawa nitakuja."

Alikuja amevaa hereni. Fiordaliza hakuwahi kumwona na hereni. Persio, bila kuambiwa, alimwekea kiti cheupe cha plastiki chini ya spika, na Fiordaliza akang'oa waya wa mtandao. Muziki ulikatika. Taa ikarudi manjano. Kisanduku kikanyamaza kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka, halafu ule wimbo wa kwanza wa asubuhi ukaanza upya.

Walisubiri. Wateja waliingia, wakatazama majokofu, wakafungua milango yake na kuifunga. Nyimbo za asubuhi zikarudi moja baada ya nyingine, na Fiordaliza akashangaa ni ngapi zilimpita bila kuzisikia. Nereyda aliweka mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba. Kisha simu ya mezani ikaanza kulia. Kila mtu pale alijua ni nani: makao makuu wangekuwa wameshaona kwamba duka la Miches limezimika kwenye kioo cha kompyuta yao. Iliita ikakoma, ikaita tena. Fiordaliza aliitazama, hakuinyanyua. Kazi ile ndiyo iliyomsomeshea binti.

Persio ndiye aliyeinyanyua. Alisikiliza, akaisogeza mbali na sikio, akairudisha.

"Mtandao, bosi," akasema kwa huzuni kubwa. "Si unaijua Miches. Tunahangaika nao hapa, Fiordaliza jasho linamtoka."

Hakuwa amekata simu sawasawa gita lilipoanza. Fiordaliza alilitambua gita lile. Kabla ya neno la kwanza, mwimbaji alivuta pumzi, pumzi fupi ya puani, na Nereyda akainua kidole.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akivuta," akasema.

Ulikuwa wimbo wa taratibu, wa mtu asiye na haraka ya kukiri. Ulizungumzia mwezi na mambo ya kawaida ya nyimbo, na Fiordaliza alianza kuomba moyoni ubaki hapo hapo kwenye mwezi. Haukubaki.

*Maji yalinifika kifuani, nikaliita jina lako;*
*mchanga uliponipokea, niliona haya kuja kwako.*

Mwimbaji aliirudia beti hiyo, kama wanavyofanya, na mara ya pili sauti yake ilishuka. Gita likalia kilio kile cha mwisho. Uliofuata ulikuwa ule wa tarumbeta, na Fiordaliza akaufunga muziki wote kwa kidole, duka likawa kimya kabisa. Nje pikipiki ziliendelea na zake.

Maswali yalimjaa mpaka shingoni. Aliyameza. Alisimama na waya mkononi, akiogopa uso ule na akiutazama hata hivyo. Doña Nereyda hakulia. Alikuwa amekunja kipaji cha uso kama mtu aliyeuziwa kitu pungufu.

"Haya ya nini?" akasema hatimaye. "Eligio alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyembeba." Akatazama spika. "Si angeniuliza tu."

Persio akageuka akaanza kupangusa godoro lisilo na vumbi. Kisha, kwa kuwa lazima mtu aseme kitu, akauliza kuhusu Jumamosi, kama watu waambiwe wasije.

"Waje. Eligio bado yuko kaburini, maombi anayahitaji. Na kashata zimeshakatwa." Akafikiri. "Huyu mwingine, sijui tutamsomea nini."

Alimgeukia Fiordaliza. Alitaka kujua kama kisanduku hiki, mtu akitaka kujibu, kuna mahali pa kusemea. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza friji ile inakula umeme kiasi gani.

"Kinapokea tu, Doña."

"Kinapokea tu," Nereyda akarudia. "Na ukiuchomeka huo waya, yeye ataondoka?"

"Ataondoka. Zitakuja nyimbo nyingine."

"Kwenye hilo rundo la Mayagüez, wale wasio na majina ni wengi?"

"Nusu yake, walivyosema."

Mama yule alipapasa hereni moja, akahakikisha ipo. Fiordaliza alingoja. Angeweza kumwambia kwamba hakuna haja, kwamba simu ya bosi inaweza kulia mpaka ichoke, kwamba waya ungekaa nje hadi jioni na Milcíades angerudi tena na tena na beti yake ile ile. Alifungua kinywa aseme hivyo.

"Basi chomeka, mwanangu," Nereyda akasema.

Fiordaliza akachomeka, akaufungua tena muziki. Taa ilikaa manjano kwa muda, ikapepesa, ikawa kijani. Kutoka mji mkuu, au kutoka popote zitokako, gita jingine likaingia dukani, likifuatwa na sauti ya mwanamume. Doña Nereyda aliinamisha kichwa upande mmoja, hereni ikagusa shavu, akasikiliza mpaka mwisho wa beti ya kwanza.

"Si yeye," akasema, akajiweka vizuri kwenye kiti akisubiri wimbo unaofuata.