Babu wa Nyuma ya Jiwe

Friza ya mama ilikuwa inakuja Jumamosi, na pembe ya sebule yenye soketi ilikuwa moja tu. Pembe hiyo ilikaliwa na tangi langu la kioo lenye samaki watatu wa ukoo wa sato, wale wadogo wa mapambo wanaovaa kama wanakwenda harusini kila siku.

"Mwanangu," mama alisema, "miezi yote hii wanakula, wanachafua maji, na hata kitoto kimoja sijakiona. Hawa wameoana au wamepanga chumba?"

"Watazaa, mama."

"Wakizaa kabla friza haijafika, nitailaza chumbani kwangu na shuka nitaifunika. Wasipozaa, tangi linakwenda kwa shangazi yako."

Kwa shangazi kuna paka wawili. Hukumu niliielewa.

Mimi ni msusi. Nywele ya mtu na nywele ya dukani nazitofautisha nikiwa ng'ambo ya barabara, na kwa samaki nilijiamini vilevile. Wa bluu, mwenye madoa ya njano kwenye pezi la chini na kifua mbele kama askari wa getini, nilimwita Bwana. Wa kijivu, aliyefukuzwa naye kutwa nzima, nilimwita Bibi Harusi. Wa tatu, wa kijivu pia, alijibanza nyuma ya jiwe na hakuwa na neno na mtu. Huyo alikuwa Babu.

Alhamisi nikakuta mkia wa Bibi Harusi umechanika. Nikamhamishia Bwana kwenye ndoo yenye maji ya tangi na pampu ndogo, apoe hasira. Nilidhani mke akipumzika, mapenzi yatarudi.

Asubuhi yake Bibi Harusi alikuwa wa bluu. Kifua mbele, madoa ya njano yanawaka, anazunguka tangi kama mwenye nyumba mpya.

Nilipiga yowe. Kaka yangu, fundi simu, akaja na lenzi yake ya kazini. Akalowesha kiganja, akampindua Bibi Harusi tumbo juu, akamkagua kama anayetafuta tundu la chaja.

"Matundu mawili hapa chini ya tumbo, yote madogo, yamelingana. Angekuwa jike, la nyuma lingekuwa kubwa. Pole, dada. Umefungisha ndoa ya madume."

"Lakini alikuwa wa kijivu!"

"Na wewe ungepigwa kila siku na jitu lile, ungevaa rangi gani? Kaka wa watu alijificha ndani ya gauni."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. "Msusi mzima! Nitampigia shangazi yako aandae meza."

Kaka akamtia yule dume kwenye beseni, akachukua wavu. "Amebaki Babu. Huyo naye mgonjwa, wiki nzima hali chakula, mashavu yamemvimba. Jino, nadhani."

Mama akainama kwenye kioo. Kicheko kikakatika.

"Weka wavu chini."

"Mama, namtazama tu..."

"Weka chini, nimesema! Mwenye jino bovu hupanua mdomo alie. Huyu amebana kusudi. Chakula kinampita puani, anakitamani, na hagusi. Njaa ya namna hiyo naijua mimi, nyinyi wawili ndio mlionifundisha."

Tukavuta viti. Madume yakiwa nje, tangi lilitulia. Babu akatoka nyuma ya jiwe, akatazama huku, akatazama kule, kisha akapanua mdomo. Zikamwagika chembe nyeusi, na kila chembe ilikuwa na macho na mkia. Kaka alipopiga chafya, zote zikakimbilia mdomoni, na mlango ukafungwa.

"Babu amejifungua," kaka alinong'ona.

"Babu yako wewe!" mama akamjibu, machozi ya kicheko yanamtoka. "Na baba yao yuko wapi?"

"Kwenye ndoo," nikasema.

"Mwacheni huko huko, atafakari."

Jumamosi wachukuzi waliingia na friza mgongoni, wanahema. "Tuiweke wapi, mama?"

Mama alisimama mbele ya tangi, mikono kaitanua kama kipa.

"Chumbani kwangu. Na mpite polepole, humu ndani mna mzazi."