Zamu ya Kushika Mkia

Shuleni kwetu tulikuwa tunashika mkia kwa zamu, na mwaka huu niliushika mimi.

Nieleze haraka, maana sipendi kumweleza mtu jambo mara mbili. Ofisi ya elimu ilitaka walimu wapimwe kila mwaka, na katika kila shule lazima apatikane mmoja wa daraja la chini kabisa. Hata kama wote ni hodari, mmoja ashike mkia. Hata kama wote ni wavivu, vilevile, mmoja tu. Ukiuliza kwa nini unaambiwa ndivyo mwongozo unavyosema. Aliyeshika mkia alipewa barua ya onyo na kupelekwa semina wakati wa likizo, akasinzie huko na wa mkia wenzake kutoka shule nyingine. Mwaka unaofuata akipanda daraja, yamekwisha. Sisi tukaona kuumizana kwa jambo kama hilo ni ujinga. Tukapeana zamu, kama watu wa nyumba moja wanavyopeana zamu ya kufagia uwanja.

Mwalimu mkuu alijua. Mwalimu mkuu ni mume wangu, kwa hiyo najua kwamba alijua. Alikubali bila kusema amekubali, kama anavyokubali mambo yote. Hata siku wazee walipomuuliza kama kweli ananitaka, alijibu kwa kuinamisha kichwa, na mjomba wangu mmoja akadhani amekataa.

Kwa haki, zamu ya mwaka huu ilikuwa ya mwalimu wa sayansi. Lakini alikuwa amefiwa na mkewe, ameachiwa watoto wadogo, anakuja kazini shati halijaona pasi, na hakuna mwenye moyo wa kumwambia ndugu yetu pole, na barua yako ya onyo hii hapa. Mume wangu akanitazama ng'ambo ya meza ya chumba cha walimu. Nikamwelewa. Aliyefuata kwenye zamu nilikuwa mimi; akiniruka na kumpa mwingine, watu watasema anamlinda mkewe. Nikasema nipeni mimi, mkia haujawahi kumng'ata mtu.

Basi tukakaa kunitungia kasoro, maana daraja la chini halitolewi bila sababu. Tulicheka sana siku ile. Mwalimu wa michezo, ambaye kengele ya asubuhi haijawahi kumkuta shuleni, akasema iandikwe kwamba nachelewa. Mama anayefundisha darasa la kwanza akasema sauti yangu haifiki nyuma ya darasa, watu wakashika mbavu, kwa sababu sauti yangu inafika barabarani. Mimi mwenyewe nikaongeza kwamba maandishi yangu ubaoni hayasomeki. Mwalimu wa sayansi naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, na sote tukafurahi kumwona. Mume wangu aliandika yote bila kucheka, kichwa chini. Nilidhani ni cheo kinamzuia.

Kumbe mwaka huu wakubwa walikuwa wamebadilisha mambo, na sisi tumeshatuma majina. Waraka ulikuja baadaye: atakayeshika mkia hatapewa tena onyo wala semina. Ataondolewa darasani moja kwa moja na kupelekwa ghala la vitabu, akapokee maboksi na kuyahesabu mpaka atakapostaafu.

Mimi nafundisha hesabu. Sijawahi kufanya kazi nyingine na sijawahi kuitamani. Wako wanafunzi wangu wahandisi, wako wafamasia, yuko mmoja rubani, na wote wakinikuta njiani wanasimama wima kama vile nitawauliza jedwali la saba. Nilipousoma waraka ule nilikaa kwenye ngazi ya ofisi, mbele ya watoto. Niliogopa. Ninasema hivyo kwa sababu watu wengi wanadhani sijui kuogopa.

Tundu la kupumulia lilikuwa moja. Kila aliyeshika mkia angesikilizwa na kamati, na neno la mwalimu mkuu lilikuwa na uzito kuliko karatasi. Nyumbani tukapanga. Mume wangu angesema nimejirekebisha, basi, maneno mawili matatu hata yeye angeweza kuyatamka. Binti yetu alikuwa kwenye kibaraza anashona. Ni fundi wa nguo. Aliacha shule mapema, hesabu zikamshinda, mtoto wa mwalimu wa hesabu, fedheha niliyoimeza bila maji. Nilimwita aje asikie tunavyopanga. Akaitikia, "Nasikia, mama," na cherehani haikusimama.

Siku ya kamati tulikalishwa kwenye benchi la korido mpaka mgongo ukaniuma. Tarishi mmoja mzee, mtu wa watu, akaniambia nisihangaike, subira yavuta heri. Nikamjibu heri ivutwe na yeye anayelipwa kwa kukaa. Mume wangu aligusa kiwiko changu.

Ndani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza, na mafaili yamefungwa kwa kamba kama vitita vya mboga. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye sauti ndogo inayokulazimisha kunyamaza ili uisikie. Akasoma kasoro zangu moja moja. Nikazijibu moja moja. Aliposema sauti yangu haifiki nyuma, nilijibu kwa sauti yangu ya darasani, na bwana aliyekaa mwisho akashtuka akaangusha kalamu. Kuhusu ubao nikaomba chaki. Nikaandika mstari mmoja ulionyooka kama uzi kwenye ubao wao mchafu. Mwenyekiti akatabasamu kidogo. Nikaona mambo yananinyookea.

Mume wangu akaulizwa. Akakohoa, kwanza. Huwa anakohoa kabla ya kusema uongo, hata uongo mdogo wa kumwambia mgeni karibu tena. Akasema nimejirekebisha.

Mwenyekiti akavua miwani. "Karatasi nimezisoma, mwalimu mkuu, na nimemsikia mwalimu mwenyewe. Mtu huyu si yule aliyeandikwa humu. Naweza kumtoa kwenye orodha. Lakini shule yako lazima itoe mmoja. Nikimtoa huyu, unanipa nani leo?"

Sote wawili tulijua ni nani. Nilimwona akilini mwalimu wa sayansi na shati lake. Mume wangu naye alimwona, kwa sababu alianza kusugua goti kwa kiganja. Nilitaka kusema kitu, na sitajifanya mtakatifu, nilitaka kusema mpe jina lake. Mpe tu, tutamlilia baadaye.

"Basi," mwenyekiti akasema polepole, "kama huna mwingine, niambie kwa maneno yako, achana na haya yaliyoandikwa. Huyu ana upungufu gani?"

Mume wangu aliacha kusugua goti. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumsikia akikohoa.

"Hana subira na mtoto anayechelewa kuelewa," akasema. "Anayeelewa haraka hatapata mwalimu kama yeye popote. Lakini anayechelewa, anamvunja. Nimekuwa nikipita dirishani. Nimewaona wanavyoacha kunyoosha mkono, mmoja mmoja, mpaka wanabaki walewale wanne wa mbele."

Hakukohoa.

Mwenyekiti aliandika. Aliuliza kama nina la kusema, na mimi ambaye sijawahi kukosa jibu tangu nijue kusema, nikairudisha chaki yao mezani. Wakatuambia tungoje nje, kisha wakatuita tena, na jambo likawa limekwisha. Ghala, kuanzia muhula ujao. Bwana wa kalamu akanifariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitamani kumpiga na faili.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa limeshapoteza ukali na maduka ya barabara ile yalikuwa yanapunguza watu. Hasira yangu ilikuwa imejaa mpaka kooni, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikuwa nataka anitolee haraka kabla sijakitazama. Nikamfungulia mwenyewe mlango wa kujitetea. Nikamwambia najua umesema vile kwa ajili ya mfiwa. Umefanya vibaya kwangu lakini umefanya utu. Sema hivyo tu, tuyamalize.

"Nilitafuta la uongo, mama watoto," akasema. "Nikalikosa."

"Na kama ni kweli, mbona hukuniambia nyumbani? Unakwenda kuniambia mbele ya watu?"

"Nilikuambia. Mara nyingi."

"Lini?"

"Hukuwa unangoja nimalize."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikasikia kwamba nimeshaanza kabla yeye hajafunga wake. Tukaendelea kutembea. Nikawakumbuka wenzangu siku ile mezani, jinsi walivyocheka na kunibandika kila kasoro nisiyokuwa nayo. Watu wote wale, wananijua miaka yote hiyo, na hakuna aliyegusa pale penyewe hata kwa utani. Nilidhani wananipenda. Labda wananipenda. Lakini pia walikuwa wananiogopa, na sikuwahi kuliona hilo.

Nyumbani binti yetu alikuwa amefunika cherehani na kupika, jambo ambalo kwa kawaida nafanya mimi kwa kuwa namwona anachelewesha. Alitutazama nyuso akajua. Akamvua baba yake koti. Mimi sikukaa. Nilimsimulia yote nimesimama katikati ya sebule, mwenyekiti na miwani yake, ghala, muhula ujao, na alichosema baba yake. Nilikisema neno kwa neno, na nilikisema kwa kejeli, nikiiga sauti yake, ili acheke. Nilimhitaji acheke. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe mezani pale pale jioni baada ya jioni, nikimrudishia hesabu ileile mpaka machozi yanamdondokea daftarini, nani angejua kuliko yeye?

"Hebu sema wewe," nikamwambia. "Mimi sina subira?"

Binti yangu alimtazama baba yake, kisha akatazama mikono yake yenye alama za sindano. Nilingoja. Sijui kama nimewahi kumngoja hivyo. Cherehani ilikuwa kimya kule kibarazani, na mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, na bado niliendelea kungoja, nikiwa na hakika kwamba akipata muda wa kutosha atasema hapana.

"Kaa ule, mama," akasema taratibu. "Kitapoa."

Akanivutia kiti. Nikakaa. Akanipakulia kwanza mimi, kisha baba yake, kisha akajipakulia mwenyewe, polepole, bila kumwaga. Chumvi ilikuwa imezidi. Nilikula mpaka nikamaliza.