Somo la Nge

...jasho tena, nimelifuta sasa hivi na limerudi, paji la uso la mwanangu limelowa kama ametoka kuogeshwa, na miguu yake baridi, baridi mchana huu wa joto la kuchemsha ubongo, nesi kasema mpapase, mama, mwite, usimwache azame, basi namwita, mkwe, we mkwe, fumbua macho, maana amepewa jina la mama mkwe wangu, baba yake humwita mama, na mimi nimekuwa mkaza mwana wa mtoto anayekojoa kitandani, kila asubuhi hunigombeza kwamba chai haina sukari, sawasawa kabisa na mwenye jina lake, leo hagombezi, mate yanamtoka tu, mengi, yananilowesha mkono, na kwenye mkono wake mmoja kuna sindano ya dripu, chupa imetundikwa ukutani juu ya kichwa changu, kwenye msumari uliopigwa kwa ajili ya kalenda, nikisogea kidogo mpira unavutika, basi sisogei, nimekaa kwenye hili benchi kama niliyepigiliwa mimi, na huko nje, ng'ambo ya dirisha hili lisilo na kioo, Bwana afya anawaambia watu kwamba nge ni janga la nchi za joto, ndugu zangu, janga lililosahauliwa... limesahauliwa na nani, huku kwetu nani amewahi kumsahau nge, likianza joto tu watu wanalala jicho moja wazi, Bwana afya anasema watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu sumu ni ileile na mwili ni mdogo, najua, bwana, ninaye hapa mmoja, nimempakata, unaweza kugeuka ukamwona. Hageuki. Spika zinakoroma, debe tupu haliachi kuvuma, na gari lake limesimama hapa chini ya dirisha, jeupe, ubavuni limechorwa nge mkubwa kuliko mbuzi, na linanguruma, tangu tufike linanguruma na haliendi popote, moshi wake unaingia humu ndani na mwanangu anaupumua, kwa sababu umeme umekatika na spika zinakula umeme wa gari... nilipoliona nilifurahi, mjinga mimi, tabibu alikuwa ameshamsikiliza kifua akakunja uso, akasema moyo unakimbia mno, hapa nimempa ganzi ya maumivu na maji, dawa ya kuvunja sumu hatuna, apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, asisubiri, na gari ni hilo moja tu, nikasema moyoni, mgeni njoo mwenyeji apone, nesi akatoka mbio kwenda kuliomba, akarudi anatazama viatu vyake, mama, likiondoka spika zinanyamaza, na wapiga picha wametoka mbali, vuta subira kidogo, anamalizia.

Anamalizia. Sasa amefika kwenye nyufa, anasema zibeni nyufa, pigeni lipu kuta zenu, nge hana mlango kwenye ukuta laini, watu wanaitikia ndiyo, ndiyo, wanaitikia watu ambao nyumba zao nazijua moja moja, za udongo, zimepasuka mpaka unaweza kusalimiana na jirani bila kutoka nje, na mimi ndiye nisiyeweza hata kucheka kwa sababu mume wangu ni fundi mwashi, lipu ndiyo kazi yake, hakuna mwenzake, ukuta alioupitisha mkono unateleza kama ganda la yai, na saa hizi yuko juu ya mbao kwenye nyumba ya mtu mwingine anaulainisha ukuta wa mtu mwingine, simu inaita haipokelewi, mikono ina saruji, na kwetu tofali ziko uchi ndani na nje, mganga hajigangi, nilimwambia hivyo akacheka, akasema kwetu itakuwa ya mwisho ndiyo maana itakuwa nzuri kuliko zote... ya mwisho, ya mwisho, mwanamume huyu kila kitu chetu ni cha mwisho, na yale matofali yake, kila jioni anarudi na mawili matatu nyuma ya baiskeli, vipande, masalio, vilivyovunjika pembe, ameviokota wanapotupa, anayafuta vumbi kwa kiganja kama mtu anayefuta mikate, anayapanga chumbani kwa watoto, ndani, yasinyeshewe, yasiibwe, tutajenga chumba kingine, mke wangu, utaona, na rundo linapanda, limeshafika dirishani, nani mwingine duniani analaza mtoto na matofali isipokuwa fundi, na mtoto naye akafungua duka mle, kwenye mianya kati ya tofali na tofali, kila mwanya rafu, huku vifuniko vya soda, huku mbegu, huku kijiko changu nilichokitafuta wiki nzima, karibu mteja, ananiambia, huna pesa leo, basi kopa... leo asubuhi akaingiza mkono dukani kwake kuchukua bidhaa.

Mkwe. Fumbua macho. Amefumbua, hanioni, yanazunguka tu, na kifua, Mungu wangu, kifua hiki kinavyodunda, nimeweka kiganja na kiganja kinarushwa, "msirundike matofali ndani ya nyumba," anasema Bwana afya, "rundo la matofali ni uzembe, na uzembe ndio unaoua watoto wetu," na watu wanapiga makofi, uzembe, neno limenichoma na kuzama palepale nilipokuwa nimeshajichoma mwenyewe, maana tangu asubuhi nampangia maneno mume wangu, akija nitamwambia chukua matofali yako uyalalie, nitamwambia chumba chako hiki hapa kimekamilika, nitayasema mbele ya mama yake, huyo naye, alimfunga mtoto kamba ya kiatu mkononi mpaka vidole vikawa bluu, sumu isipande, nesi aliikata kwa mkasi huku akinong'ona jamani, jamani, wote nitawasema, nawachukia leo, nawachukia wote wawili na nyumba yao na matofali yao... dereva alichungulia dirishani kitambo, kijana wa watu, akasema pole mama, mimi natumwa tu, akarudi kukaa nyuma ya usukani wa gari lisilokwenda. Nikamwambia asante. Asante ya nini sijui.

Nesi huyu anakuja tena, anapiga magoti mbele yangu, hanitazami mimi, anatazama mpira wa dripu, ananong'ona, "Mama, Bwana afya amesikia habari zenu. Anaomba umsogeze mtoto pale mbele, dakika moja tu, mpigwe picha, na useme kidogo mlikosea wapi, wenzio wajifunze. Akimaliza hapo, gari ni lenu." Mlikosea wapi. Na mimi, aibu iliyoje, jibu ninalo, liko tayari mdomoni limepangwa vizuri kuliko hotuba yake, matofali, mheshimiwa, mume wangu alirundika matofali, sisi ni wazembe, na wangetikisa vichwa, wangepiga makofi, na mimi ningesema asante... ngoja. Ngoja kwanza. Muda wote huu nilioketi hapa nimemtukana nani, mtu aliye juu ya mbao na saruji mpaka kwenye kope, anayeokota vilivyotupwa na wenye nyumba ili mtoto huyu apate chumba, yeye ndiye niliyemweza, kwa sababu ni wangu, ni rahisi kumgombeza unayemkorogea uji, nge naye kauma mara moja akaenda zake, hakuomba kupigiwa makofi, kosa la asubuhi limekwisha kutendeka na tutagombana nalo nyumbani, sisi wenyewe, tukifika watatu, mimi, yeye na mtoto huyu, lakini hili la mchana huu si letu, hili linatendeka sasa, linanguruma chini ya dirisha, na ninalisaidia, ndiyo, nalisaidia kwa kukaa kimya na adabu zangu, samahani mkubwa, asante dereva, haya nitavuta subira, nimevuta mpaka imekatika, na mtoto wangu akifia hapa mapajani watasema maskini, alikuwa mama mpole, hakusumbua mtu. Nina hasira. Sijawahi kuwa na hasira ya namna hii, imenituliza, naweza kuona kila kitu kwa mpigo, mlango ule, ngazi, mlango wa nyuma wa gari haujafungwa vizuri, waya mweusi unaotoka chini ya boneti kwenda kwenye spika, wa kung'olewa kwa mkono mmoja, na zikinyamaza na aseme kwa mdomo, Mungu kampa... mkwe, kifua chako kinakimbia, kimbia nacho, mama, usikiache... Bwana afya anasema kwenye spika tunaye mama mmoja hapa, shujaa, tumpokee, tumpigie makofi, wanapiga, nesi bado amepiga magoti, jasho limerudi tena na safari hii silifuti, anauliza, "Umenielewa, mama?"

"Itoe chupa msumarini, mdogo wangu," nasema, "uishike juu, unifuate. Tunaingia kwenye gari."