Meza ya Chokaani

Uvumi unaanzia kwa Bi Salha muuza mbaazi, na Mishi hawezi kuutoa kichwani, umemkwama kama mwiba wa samaki kooni. Shoga, anamwambia Bi Salha huku akimpakulia, ile meza wanayoipigia picha watoto wetu kule Chokaani, kwenye mkahawa mpya, si meza. Ni nini, kama si meza? Ni kitanda cha kuoshea maiti, kile cha msikiti wetu. Walipotuhamisha ili wautengeneze mtaa walikomba mpaka stoo ya msikiti, milango wakauza, kitanda wakakipiga msasa na vanishi, leo watu wanakilia pweza. Mishi anacheka, halafu hacheki tena. Chokaani ndiko alikozaliwa. Juu ya kitanda kile ndipo alipooshwa mama yake, na aliyekuwa akimimina maji ni yeye Mishi. Aliyewatoa ni bwana mmoja, Hilali, alikuja na kofia nyeupe na maneno ya asali, wazee wangu, tokeni kidogo tu, nyumba zikishatengenezwa mtarudi. Wamerudi kweli, kutazama kwa nje, na mlinzi wa pale anamuuliza Mishi, mama, umeweka nafasi? Na leo jioni Raya, mtoto wake wa pekee, amealikwa na wenzake wa kazini kula kwenye meza hiyohiyo. Mishi amemsihi tangu asubuhi. Raya anamjibu, mama nawe, mbao ni mbao, ukiwasikiliza wauza mbaazi hutatoka nje.

Basi Mishi anakaa na ungo wa mchele, anachambua chuya na hasira yake pamoja. Ni wakati ule wa baina ya alasiri na magharibi, ambao mama yake alimkataza kulala tangu mdogo, utaamka huna akili, lakini jicho halina adabu, linafumba. Ungo unageuka duara la mwanga, duara linageuka tao la mlango, na Mishi anavuka kizingiti bila kupiga hodi. Yuko Chokaani, ila Chokaani yenyewe haitulii. Kichochoro cha kwa mshona viatu kinamfikisha kwenye duka la mikoba ya ukili, anakata kushoto, anafika duka lilelile, anakata tena kushoto, kuta zote sasa ni vioo na ndani ya kila kioo yumo Mishi na ungo wake. Nyumba ya mama yake inauza aiskrimu. Anaipita, anageuka, iko mbele yake tena, safari hii inauza shanga, na dirisha alilokuwa akichungulia utotoni limetundikwa bei. Baraza la mawe walipokuwa wakikaa wazee na kahawa zao limetandikwa mito, na juu ya mito wamekaa watu na vinywaji vya rangi, na ngoma inapigwa chini ya sakafu, dum, dum, kama moyo wa mtu aliyefukiwa. Mwanangu, anamuuliza mhudumu, meza iko wapi? Mhudumu anageuka, uso wake ni laini kama yai lililomenywa, hana jicho, hana mdomo, na bado anajibu. Bibi, njia za hapa haziendi, zinarudi. Anatembea na njia zinarudi, anatembea tena, mpaka mbele yake anatokea mwanamke aliyejifunga kanga puani na mdomoni kama wanavyojifunga waosha maiti, mkono mmoja ndoo, mkono mmoja kata ya kuchotea maji, na juu ya kanga hakuna macho. Kitendawili, anasema. Tega, anasema Mishi. Kila mtu atakilalia, na hakuna aliyewahi kuamka juu yake. Kitanda chetu hicho, anasema Mishi, nioneshe kilipo. Hukioni, na umekiegemea?

Anageuka na kumbe kweli, nyonga yake imegusa mbao. Kitanda kimekuwa kirefu, kinaanzia ukuta mmoja na mwisho wake hauonekani, watu wameketi pande zote mbili wanakula, na katikati zile nafasi za kupitishia maji ya maiti zimechomekwa mishumaa na maua. Hapa, kwenye ubao huu, ndipo kilipolala kichwa cha mama yake. Pana sahani ya pweza. Mwenzangu, anauliza mwosha, umekuja kula au umekuja kuosha? Nimekuja kumtaka Hilali. Meza haijui majina, inampokea aliyeketi. Sema aoshwe nani. Mishi anatazama zile safu za vinywa vinavyotafuna, anayaona meno, anausikia ule mlio wa vijiko, na anasema, wote. Umesema wote? Nimesema wote, nipe kata. Maji ya ndoo yana majani ya mkunazi, na anaanza kama alivyofundishwa, upande wa kulia kwanza. Anamimina kwa wa kwanza na kicheko cha yule mtu kinaoshwa kikadondoka sakafuni, kisha midomo, kisha macho, unabaki uso wa yai. Wa pili. Wa tatu hata hajaacha kutafuna. Na Mishi, Mungu amsamehe, anaona raha, raha ambayo hajaionja tangu siku ile walipobeba vyungu vyao kwenye mkokoteni, mkono haumchoki, ndoo haiishi. Huyu ni kwa mlango wetu. Huyu ni kwa dirisha langu. Huyu ni kwa mlinzi wenu. Anamfikia Hilali, kofia ileile, na Hilali anamwangalia, bibi, tunafahamiana? Utanifahamu, anasema Mishi, na anammiminia taratibu, na anasimama kumtazama anavyofutika, tamu kama tende. Wa mwisho amempa mgongo. Sasa maji ni yale ya kumalizia, ya kafuri, na Mishi anayamwaga yote kwa mkupuo, na yanapoteremka yanautelezesha mtandio, na kwenye sikio la kulia kinaning'inia kipuli cha mama yake, kile ambacho Mishi alimvisha Raya kwa mikono yake mwenyewe. Anaitupa kata. Anaukamata uso wa mwanawe kwa viganja viwili auzuie, pua inampita vidoleni kama sabuni, Raya, Raya mwanangu, nitazame, na kinachobaki ni sauti tu, mama nawe, mbao ni mbao. Si huyu, Mishi anamlilia mwosha, huyu ni wangu. Mwosha anaokota kata yake. Nilikuuliza mara mbili.

Mchele umemwagika sakafuni. Viganja vya Mishi vimelowa, na anavinusa, vinanuka kafuri, na katika nyumba hii hakuna kafuri. Mlangoni amesimama Raya, amekwisha kuvaa, ameelekea kioo cha ukutani, anavaa vipuli. Mama, nimekuita mara tatu, umelala saa hizi? Geuka nikuone, anasema Mishi. Subiri basi, namaliza uso. Geuka kwanza. Nakuja, mama. Kioo kiko mbali, Mishi anaona ukingo wake tu, hajui kilichomo, na mguu wa kuinuka haumtii, na nje, mahali ambapo hajawahi kusikia ngoma, inapigwa, dum, dum.

Kwa hiyo, mwenye kusikia na asikie:

Usilale baina ya alasiri na magharibi.

Usiingie nyumba ya kale bila kupiga hodi, hata kama sasa ni duka.

Usikalie wala usilie chakula juu ya kitu kizuri cha zamani ambacho hukuuliza kimetoka wapi.

Usimwamini anayekwambia toka kidogo tu, utarudi.

Usimcheke muuza mbaazi.

Usivae vya marehemu kwenda kwenye starehe.

Na ukipewa kisasi, usiseme wote.