Asidi Isiyovuka Saba

Mama mkwe wake hakuishiwa utani. "Mkwe wangu anasomea maji," aliwaambia majirani, "utadhani alikuwa hajui kuyanywa." Lakini asubuhi ya mtihani wa kazi ndiye aliyembeba mjukuu na kumsukuma mkwewe mlangoni. Wote wawili walijua: ameshafeli mara mbili, na maabara ya mtambo wa maji haimpi mtu nafasi ya nne.

Swali la mwisho lilionekana la bwerere. Asidi kali imezimuliwa kwa maji safi mara kumi, tena na tena, hadi ikabaki moli moja katika lita milioni mia. pH yake, kipimo cha uasidi ambacho maji safi huwa saba, ni ngapi? Mwendo aliujua: ukizimua mara kumi, pH inapanda hatua moja. Tano, sita, saba, akafika nane. Akaiandika na kuipigia mstari, kama alivyofanya mara zile mbili na kutoka akitabasamu.

Kisha kalamu ikamgoma. Juu ya saba si ni besi, kinyume cha asidi? Asidi igeuke besi kwa kuongezewa maji tu? Haiwezekani hata kwa dawa!

Macho yake yakatua kwenye chupa ya maji safi mezani. Yalikuwa yametulia, meupe, kama hayana habari. Ndipo alipokumbuka: chembe chache za maji hujigawa zenyewe, asidi kidogo, besi kidogo, sawa kwa sawa. Alikuwa amemhesabu mgeni akamsahau mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na asidi mara kumi ya ile ya mgeni.

Akafuta, akakokotoa upya. Sita nukta tisa nane. Hata angemimina ziwa zima, asidi ile ingeisogelea saba tu, isiivuke kamwe. Akaipigia mstari.

Msimamizi wa mtihani aliliwekea jibu kidole. "Wengi hutoka hapa na nane. Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye maji yenyewe, mwalimu."

"Jumatatu njoo kazini na koti lako jeupe."

Nyumbani alipewa kikombe cha maji, akabaki amekishika.

"Kunywa basi. Kwani kumeingia nini?" aliuliza mama mkwe.

"Hakujaingia kitu, mama. Asidi imo, besi imo, tangu zamani. Na hayajawahi kutuambia."

Mama mkwe alikichukua kikombe, akachungulia ndani. Kisha akayanywa taratibu, utadhani ndiye aliyekuwa hajui kuyanywa.